Osheni Kwanza, Nadharia Baadaye: Kwa Wanaoanza Kazi ya Vichocheo vya Dhahabu

Nimeonyeshwa tena ile grafu ninayoijua: vichocheo vitatu (vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha), vyote vikiondoa kaboni monoksidi kwa asilimia 100 kuanzia nyuzi 60, na chini yake maelezo kwamba vyote vitatu vina uwezo sawa. Wadogo zangu, grafu hiyo haisemi hivyo. Asilimia 100 inaeleza tu kwamba gesi iliisha kabla ya kufika mwisho wa kichocheo. Punguzeni kichocheo, ongezeni mkondo wa gesi, kisha mlinganishe kasi ubadilishaji, yaani sehemu ya gesi inayooksidishwa, ukiwa chini ya asilimia 15 hivi. Hilo ni la kwanza, nalo halihitaji mjadala.

La pili ni kuosha, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Osaka walionyesha kwamba dhahabu, metali iliyodhaniwa kuwa goigoi katika kazi hii, huoksidisha kaboni monoksidi hata kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, mradi igawanywe kuwa chembe ndogo sana na kukaa juu ya oksidi inayofaa. Tangu hapo sote tunahangaikia ukubwa: chembe zisizidi nanomita 5 hivi. Asidi ya kloroauriki, yaani kiwanja cha dhahabu chenye klorini tunachoanzia nacho na kukishusha juu ya unga wa oksidi kama mashapo, huleta kloridi, na kloridi isipoondolewa huziba mahali ambapo mmenyuko ungetokea, tena wakati wa kuoka huzisaidia chembe kuhama na kuungana.

Haya yote niliyajua nikiwa mwanafunzi, na ningeweza kumfundisha mwingine bila kufungua daftari. Lakini ilikuwa jioni, chujio lilikuwa limezibwa na unga laini wa titani dioksidi, oksidi niliyoiwekea dhahabu, maji yalikuwa yakidondoka kwa uvivu, nami nikajiambia kwamba maji ya moto niliyokwisha kupitisha yanatosha. Sikuyapima kwa nitrati ya fedha, ambayo hugeuka nyeupe ikikuta kloridi. Nikaukausha unga, nikauoka kwa nyuzi 300, na asubuhi nikatoa tanuruni kitu chenye rangi ya zambarau iliyokolea, nikausifia uzuri wake, ilhali rangi ile ndiyo iliyokuwa ikinieleza kwamba chembe zimeshakuwa kubwa mno. Katika joto la kawaida la chumba, kichocheo hakikufanya lolote.

Hapo ndipo nilipotenda kosa kubwa kuliko la kutoosha: nilitunga nadharia. Niliandika kurasa juu ya nafasi tupu za oksijeni, yaani mahali palipokosa atomu za oksijeni, kwenye uso wa titani dioksidi, nikalilaumu kopo jipya la unga huo tulilonunua, kisha nikayawasilisha hayo mbele ya kikundi kizima kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo. Fundi wetu wa maabara, dada asiyependa maneno mengi, hakuuliza swali. Alikwenda kwenye kabati la kutolea hewa, ambako maji yangu ya mwisho ya kuoshea yalikuwa bado chupani kwa sababu hata kuyamwaga nilikuwa nimeona uvivu, akaleta kiasi kidogo katika neli ya kioo, akadondosha tone moja la nitrati ya fedha. Maji yalibadilika yakawa meupe kama maziwa. Akaniwekea neli ile mezani, juu ya karatasi zangu, akarudi kukaa. Basi osheni mpaka tone lisiache hata ukungu, na hadi hapo msinieleze habari za nafasi za oksijeni.

La tatu: msitumie njia hii ya mashapo kwa silika, kwa maana katika pH ya 8 au 9 uso wake una chaji hasi kama ilivyo kwa ioni za dhahabu, na dhahabu yenu, kwa bei ya leo, itaishia kwenye maji ya kumwaga.

La nne: kila moli ya kaboni monoksidi inayoungua hutoa kilojuli 283, kwa hiyo changanyeni kichocheo na mchanga wa kwatzi ili joto lisirundikane, na kipimajoto kiguse kichocheo chenyewe, si ukuta wa tanuru.

La tano linahusu silinda. Kuna kijana alinijia akiwa na furaha kwamba neli tupu ya kwatzi inaoksidisha gesi bila kichocheo chochote. Tulipoitoa tulikuta pete ya rangi ya kutu pale joto linapoanzia. Kaboni monoksidi ikikaa katika silinda ya chuma huunda kabonili ya chuma, nayo ikifika kwenye joto huvunjika na kuacha chuma chake juu ya kila kitu, kichocheo chenu kikiwamo. Agizeni silinda ya alumini, au wekeni mtego wa kuinasa kabonili hiyo kabla ya reakta, yaani neli yenye kichocheo.

La mwisho: gesi hii haina harufu wala rangi. Nimekuta king'ora chake kimetolewa betri kwa sababu kilikuwa kinasumbua watu wakati wa kubadilisha silinda. Aliyezitoa azirudishe leo, kisha akaze ile nati ya riguleta inayovuja.