Zahanati tuliyoipitisha imeishia wapi? Majibu kwa wasomaji

Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha ujenzi wa zahanati. Mwaka umepita na halmashauri haijatenga hata shilingi. Nani kautupa uamuzi wetu?

Huenda hakuna aliyeutupa, ila umekwama njiani. Uamuzi wenu hutoka kwa mtendaji wa kijiji ukiwa kwenye muhtasari wa mkutano, ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani. Huko unashindana na maombi ya vijiji vingine. Ukipenya, unapitiwa na wataalamu wa halmashauri, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ndipo ufike Baraza la Madiwani. Baada ya hapo bajeti hupita mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, kabla ya kusomwa bungeni.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini madiwani huwa wameshapitisha bajeti miezi kadhaa kabla. Kijiji kinachokaa kujadili mwezi Machi kimechelewa, hata kikiwa na hoja nzito kuliko wote.

Anzieni kwenye muhtasari. Nimeona mihtasari iliyoandikwa "wananchi waliomba huduma ya afya", basi. Hakuna neno zahanati, eneo halitajwi, wala mchango walioahidi wanakijiji. Ombi la namna hiyo halina wa kulitetea kwenye kata. Kisha muulizeni diwani: kwenye kikao cha kata tulishika nafasi ya ngapi? Jibu lake lazima liwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Tulijenga darasa kwa nguvu zetu hadi kwenye lenta. Halmashauri itamalizia lini?

Inauma kuona boma linaota majani ilhali watoto wanabanana. Lakini darasa lisilofuata ramani iliyoidhinishwa, au lililojengwa bila mhandisi wa halmashauri kukagua msingi, ni gumu kuingizwa kwenye bajeti. Mwiteni akague sasa, aandike gharama za kumalizia. Karatasi hiyo ndiyo iende kata na ombi lenu. Wanaotaka kuanza ujenzi mwingine wamwite kabla ya kuchimba msingi.

Je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kikao cha madiwani?

Ndiyo. Mikutano ya kawaida ya baraza, inayofanyika kila robo mwaka, iko wazi kwa wananchi. Utasikiliza tu, hutachangia hoja. Nenda, hasa kikao cha bajeti.

Kikundi chetu cha akina mama kinataka mkopo wa halmashauri. Tuanzie wapi?

Kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkopo huo hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, hivyo msifuate taratibu za zamani mlizosimuliwa na waliokopa miaka ya nyuma.

Mwenyekiti wetu haitishi mkutano wala kusoma mapato na matumizi. Tufanyeje?

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mkazi yeyote mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Msiishie kulalamika kijiweni. Andikeni barua kwa mtendaji wa kata, wanakijiji wengi waisaini, nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Bakini na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.