Cooper Black kwa duka la vitafunwa: bangoni sawa, kwenye lebo ndogo hapana

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unafungua duka la maandazi, visheti na kashata, na kwamba unataka fonti ya Cooper Black itumike kila mahali, kuanzia bango la mlangoni hadi maelezo ya viungo kwenye mifuko. Nimechora mabango na kuchapa lebo kwa miaka 13, na kwa bango naona umechagua vizuri sana. Kwa yale maelezo ya viungo utajuta, kama nilivyojuta mimi.

Wengi huidhania kuwa fonti ya miaka ya 1970, kwa kuwa ilijaa kwenye makasha ya santuri na fulana za wakati huo. Kumbe ilitolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi za metali za kuchapia cha Barnhart Brothers & Spindler, mjini Chicago, nayo ni kazi ya Oswald Cooper, mchora herufi aliyeishi kwa kutengeneza matangazo. Ilifaa sana matangazo, na kazi hiyo inaifanya hadi leo. Nembo ya shirika la ndege la easyJet imeandikwa kwa herufi hizo hizo.

Itazame kwa karibu. Haina ncha kali hata moja, miguu ya herufi imevimba kama donge lililoumuka, tundu la o limelala upande, na nyayo za herufi zimebinuka kidogo badala ya kukaa bapa juu ya mstari. Ubinukaji huo ndio unaotuokoa mafundi, kwani ninapochora kwa brashi kwenye ukuta wenye mabonde, herufi iliyopanda au kushuka kidogo haimshtui mtu, ilhali kwa fonti ya mistari iliyonyooka kosa hilo hilo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tena Kiswahili chetu kimejaa irabu, hivyo neno kama «maandazi» likiandikwa kwa Cooper Black huonekana kama safu ya maandazi yenyewe. (Naomba usiliandike lote kwa herufi kubwa; uchangamfu wote hutoweka na kubaki uzito mtupu.)

Ila irabu hizo hizo ndizo zilizoniponza. Mteja mmoja wa korosho alitaka lebo 400 kwenye karatasi ya kaki, nami nikaweka hata orodha ya viungo kwa Cooper Black, kwa ukubwa wa pointi 7, yaani herufi ndogo sana. Matundu ya a na e katika fonti hii ni madogo tangu asili, na karatasi ya kaki hunywa wino, kwa hiyo yalizibika yote, na neno «karanga», ambalo mtu mwenye mzio analihitaji kuliko jina la duka, likawa mstari wa madoa. Nilizichapa upya kwa gharama yangu.

Kwa hiyo jina la duka liandike kwa Cooper Black, herufi zikaribiane bila kugusana, na bei, viungo na namba ya simu uviandike kwa fonti nyembamba isiyo na madoido. Kabla ya kumlipa fundi, chapa jina kwenye karatasi ya A4, libandike mlangoni, kisha uvuke barabara ulitazame: ikiwa tundu la a halionekani, mwambie aongeze ukubwa wa herufi, hata ikibidi kupunguza maneno.