Kushusha gia huku ukifunga breki: kisigino si lazima

Umeeleza kwamba Mazda MX-5 yako ya mwaka 1990 hushtuka kila unaposhusha gia ukikaribia kona, na kwamba kisigino chako hakifiki kwenye pedali ya mafuta. Hakihitaji kufika. Wengi wetu hukanyaga breki kwa upande wa kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha, klachi ikiwa imekanyagwa, huulaza mguu ili ukingo wake wa nje uguse mafuta mara moja tu, bila kulegeza breki. Kwa kuwa uwiano wa gia ya tatu ya gari hilo (mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti itokayo kwenye gia boksi) ni 1.33 na wa ya pili 1.89, ukishuka kutoka ya tatu hadi ya pili injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hulazimika kupanda hadi karibu 4,250; usipoipandisha wewe, magurudumu ya nyuma ndiyo yatakayoipandisha, na kwenye lami yenye maji yanaweza kuteleza.

Breki iliyokanyagwa kwa nguvu inapaswa kubaki juu kidogo ya pedali ya mafuta. Ikizama mno, usihangaike na bamba za kupanua pedali (mimi siziamini), bali mwone fundi akague mfumo wa breki na kutoa hewa iliyoingia ndani yake. Jizoeze kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha kwenye uwanja mtupu, kamwe si barabarani.