Mvuvi wa nyangumi au mwindaji wa nyangumi?

Ndugu, umeuliza kama anayeua nyangumi aitwe mvuvi au mwindaji. Mimi nashikilia mwindaji, kwa kuwa nyangumi si samaki bali ni mamalia anayelazimika kupanda juu kuvuta pumzi, na hapo, mvuke wa pumzi yake unaporuka na kuonekana kwa mbali, ndipo hufukuzwa kwa chombo cha baharini na kuchomwa chusa, yaani mkuki wa kuwindia viumbe wa baharini.

Sema "wawindaji wa nyangumi" au, kwa ufupi, "wawinda nyangumi", maana "mwinda" hufuatwa na nomino moja kwa moja, bila "wa", kama "mchoma mkaa". Lakini "mwindaji nyangumi", bila "wa", silipendekezi. "Mvuvi wa nyangumi" linaeleweka pia, ila linamfanya mnyama huyu aonekane samaki.