Maswali ya wasomaji: Nimekuwa jaji wa rimiksi za gemu, nampa nani?

SWALI: Habari za kazi kaka, hongera kwa safu. Sisi ni kikundi cha watu tunaopenda muziki wa magemu ya zamani na tumefanya mashindano, kila mtu anachukua wimbo wa gemu anautengenezea rimiksi ya kielektroniki, zimeingia 14 na mimi ndo nimechaguliwa jaji. Sasa kuna moja besi yake inatikisa mpaka kifua na wote wanaisifia, ila nikitulia nasikia wimbo uleule na biti juu yake, basi. Halafu kuna nyingine miksi yake, yaani ule mchanganyo wa sauti za vyombo, hata haijakaa sawa lakini jamaa kaugeuza wimbo mpaka nikausikia kama mpya. Nimpe nani? Na zile ambazo sizijui nyimbo zake za asili nafanyaje? – Jaji wa mara ya kwanza

JIBU: Mdogo wangu, mimi nampa huyo wa pili na sisiti.

Ila kabla hujaandika alama yoyote zilinganishe sauti kwanza, yaani zote 14 zisikike kwa ukubwa mmoja, maana sikio letu lina udhaifu huo, ukipandisha wimbo desibeli moja au mbili tu husemi umekuwa mkubwa, unasema umekuwa mzuri. Huenda nusu ya hizo sifa za besi ya kutikisa kifua zinaishia hapo.

Halafu kasikilize wimbo wa asili, na hili ndo jibu la swali lako la mwisho, kama huujui usihukumu mpaka umeusikia mara tatu nne, na usikilize chini siyo melodi tu. Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya mwaka 1983, ilikuwa na chaneli 5 za sauti, mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele ambayo ndo ilikuwa ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Game Boy, ile yao ya mkononi ya 1989, ilikuwa na 4. Sasa mtunzi akitaka noti tatu zipigwe pamoja na chaneli hana, anazipiga moja moja kwa kasi sana mpaka sikio linadhani ni kitu kimoja, na besi yake kwenye lile wimbi la pembetatu mara nyingi haikai noti moja, inatembea, inapanda inashuka, kwa sababu ndo inabeba nusu ya wimbo. Mtu akija akaifuta akaweka besi nene ya noti moja inayopumua na kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, kifua kitatikisika kweli lakini wimbo kaukata miguu! Kaangalie kama huyo wa kwanza hajafanya hivyo. Rimiksi ninayoipenda mimi ni ile inayosikia kitu ambacho ile mashine ilishindwa kukisema ikakimalizia.

Kingine, nyimbo za gemu zilitungwa zizunguke, dakika moja hivi zinarudi mwanzo kwa sababu mchezaji anaweza kukwama sehemu moja hata nusu saa. Rimiksi haina mchezaji. Kwa hiyo uliza kati ya dakika ya pili na ya nne kimetokea nini, kama ni lupu ileile, yaani kipande kilekile kinachojirudia, imeongezewa matoazi basi hakuna kilichotokea.

Ila angalia na upande wa pili bana, kuna wanaougeuza wimbo mpaka haupo tena, hiyo ni kazi yake mwenyewe na inaweza ikawa nzuri sana ila siyo rimiksi ya huo wimbo. Jumuiya ya OverClocked ReMix iliyoanza 1999 ina majaji wanaokataa vyote viwili, nakala iliyobadilishiwa vyombo tu na kazi ambayo wimbo wa asili hauonekani, na ikibishaniwa wanashika saa wanahesabu ni sekunde ngapi wimbo wa asili unasikika. Fanya hivyo kwa huyo wa pili kabla hujampa. Na zile rimiksi za gemu ulilocheza utotoni zirudie siku nyingine, kwa sababu hapo unayempa alama ni utoto wako siyo fundi.

Miksi mbovu ipunguzie alama, sawa, lakini kidogo. Miksi inarekebishwa kwa siku mbili, wazo halirekebishiki hivyo. Na kila mtu mwandikie sababu, hata huyo wa 14, kakesha na kazi yake.

SWALI: Jaji kaniandikia rimiksi yangu “ina tope” na hajafafanua, ndo nini? – Mwenye tope

JIBU: Vyombo vyako vimejazana sehemu moja, mara nyingi ni kati ya hezi 200 na 400, sinthi (kile kinanda cha kielektroniki) ipo hapo, besi ipo hapo, mwangwi nao upo hapo. Kata sauti za chini kwenye kila chombo kisichozihitaji, mwangwi usiguse besi wala kiki, halafu sikiliza kwa spika ndogo ya simu. Melodi ya gemu ikisikika hapo bila kuitafuta, itume tena.