Ghala la bildi: wadogo zangu, angalieni intaneti yenu kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi za programu huku Mtwara na Lindi, kila anayeniuliza ofisi ichukue Nexus au Artifactory (programu za ghala la bildi, yaani seva ya kuweka laibrari na programu zilizokwisha kujengwa kutoka kwenye kodi) anakuja na orodha ya vitu inavyofanya, mi naomba muanze na intaneti mliyonayo.

Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika kule Kilwa, halafu tarehe 12 nyaya za baharini nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Ofisini kwetu tulikuwa watu sita, kila mtu kompyuta yake inavuta laibrari zilezile (kodi za watu wengine tunazozitumia) kutoka Maven Central, ghala la mtandaoni la laibrari za Java, na seva ya bildi, ile inayojenga programu, nayo ikimaliza inafuta kila kitu inavuta upya, basi siku tatu hatukutoa toleo hata moja na kodi yote tuliyoiandika tunayo hapohapo mezani. Iliniuma sana.

Ndo nikaelewa kazi ya kwanza ya ghala la bildi ni proksi, yaani kuwa katikati yenu na intaneti: mmoja akiomba laibrari inashushwa mara moja inabaki kwenye seva yenu, wa pili anaipata ndani kwa ndani bila kugusa bando. Kuhifadhi bildi zenu wenyewe kunafuata.

Na hapo fikirieni ghala la korosho. Mzigo ukishapimwa ukatolewa stakabadhi, hakuna wa kuingia usiku kubadilisha magunia. Toleo rasmi liwe hivyohivyo, 1.4.0 ikishaingia isiguswe, umekosea toa 1.4.1. Nexus ina sehemu ya kuzuia mtu kupandisha toleo juu ya lililopo, ihakikisheni siku ya kwanza kabisa. Snapshoti, yaani matoleo ya muda mnayoendelea kuyafanyia kazi, ndo za kubadilika.

Sasa kuchagua. Artifactory ya bure ni ya Maven, Gradle na jamii hiyo (zana za kubildi Java), ukitaka npm (laibrari za JavaScript) humohumo unalipia. Nexus ya bure inabeba Maven, npm, PyPI (laibrari za Python) na Docker (programu zilizofungashwa na mazingira yake) pamoja, ila siku hizi ina kikomo cha idadi ya vitu na maombi kwa siku, kisomeni kabla, na inakula RAM, msiipe kikompyuta cha 4GB. Mnaandika Java tu? Reposilite ni nyepesi sana. npm tu, Verdaccio inatosha. Archiva, ghala jingine la zamani, msiianze, Apache waliistaafisha 2024.

Kitu kinachowachosha wageni ni diski. Kwenye Nexus ukifuta snapshoti za zamani nafasi hairudi palepale, mpaka ipite ile kazi ya kukompakti blobu stoo (kusafisha kabisa vilivyofutwa mahali mafaili yenyewe yanapokaa), kwahiyo pangeni ratiba ya zote mbili, kufuta na kukompakti, msisubiri diski ijae saa kumi jioni mteja anangoja. Bakapu ichukue databesi na blobu stoo kwa pamoja, moja bila nyingine haikusaidii. UPS nunueni, umeme ukikata ghafla databesi inaweza kuharibika.

Halafu wekeni mirrorOf (mstari unaoiambia Maven ipite kwenye ghala lenu) kwenye settings.xml, faili la mipangilio ya Maven, ya kila kompyuta, la sivyo watu wataendelea kuvuta laibrari kutoka nje na nyie mnadhani mko salama. Mkimaliza futeni folda ya repository ndani ya .m2, folda ya Maven kwenye kompyuta yako (sio .m2 yote, settings.xml imekaa humo), bildini mara moja kwa kawaida ili ghala lijae, kisha ifuteni tena hiyo repository, chomoeni waya wa intaneti ya nje, mbildi tena. Laibrari itakayogoma kupatikana ndo ile ambayo bado mnaitegemea kutoka nje.