Vijana wangu wamekauka kwenye cherehani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Nina wanagenzi saba, wasichana watano na wavulana wawili, wa miaka 16 hadi 20. Wanakaa kutwa, na wakipumzika wanainamia simu. Mgongo na shingo vinawauma. Niliwaambia tukimbie asubuhi kabla ya kazi. Siku ya pili walikuja wawili tu. Jirani yangu wa kuchomelea ananicheka, anasema vijana wake kazi yenyewe inawatosha. Nifanyeje?
Fundi wa Ngamiani

JIBU: Marahaba, fundi. Hao wawili washukuru. Wale watano nawaelewa, maana nimefundisha michezo shuleni na najua kijana wetu alikutana wapi na kukimbia. Alichelewa namba, akazungushwa uwanja. Alipiga kelele darasani, akarushwa kichurachura. Leo ukimpanga mstari alfajiri, lazima ajiulize kakosa nini. Tena wengine wamefika na chai ya rangi tu tumboni. Mwenye njaa usimkimbize.

Anzia ndani ya banda. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa inaipa miguu kazi. Mota imeiondoa (silaumu, nguo zinatoka haraka). Basi weka pasi mbali na viti, ili anayemaliza mshono ainuke, na meza ya kukatia iwe ya kusimama. Kila baada ya saa moja hivi waache viti, wanyooshe mabega, watembee hadi barabara ya pili na kurudi. Nawe uende nao. Wakikuona umekaa, watakaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka walio chini ya miaka 18 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki, za mwendo unaoongeza pumzi. La kutia moyo ni kwamba hata dakika chache chache zinahesabika.

Jirani yako hajakosea kabisa. Kubeba vyuma ni kuushughulisha mwili. Lakini mtazame anavyochomelea: kachuchumaa, shingo kaikunja, mkono umeganda. Vijana wake wanahitaji kunyooka. Waalike.

Jioni, jua likipoa, waache wachague wenyewe. Wavulana watasema mpira, na ubishi wa Coastal na African Sports utaanza hapo hapo. Ila ukiishia kwenye mpira, wasichana wako watano watabaki pembeni kushika mifuko. Waulize. Huenda wakataka rede (ule wa kukwepa mpira huku ukijaza chupa mchanga) au kamba, na wapo wasiopenda kurukaruka mbele ya macho ya mtaa mzima. Kama una ua, wape ua. Anayekaa mbali na ana baiskeli, mhimize aje nayo, mji wetu ni tambarare.

Yule ambaye mgongo unamuuma hata akiwa amelala, asiingie mchezoni kabla hajaonwa kituo cha afya.

Gharama isikutishe. Chupa ya kujaza mchanga itaokotwa. Mpira wa rede ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa mabaki ya vitambaa, nayo yamejaa chini ya meza yako. Kazi ya kuushona mdomo mpe mwanagenzi mgeni kuliko wote, na ukipasuka mchezoni, aurudie.